Wasifu wa Mji, kwa Penseli

Fomu imetoka wilayani: kurasa mbili,
visanduku kumi na vinne, mhuri wa zambarau.
Karani wa mji, Bwana Egunyu, amenisukumia mimi
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na kwa kuwa yeye ana mazishi Serere.

Jina la mji: Namasanga.
Hapo sikusita.
Hadhi: halmashauri ya mji mdogo,
tangu siku ile walipotundika bango
na mbuzi wakapata kivuli
kabla sisi hatujapata choo.

Eneo, kwa kilomita za mraba.
Hapa nimelaza penseli.
Ziwa Kyoga lilitujia miaka ile ya mvua,
likameza banda la samaki, likameza barabara hadi kwa fundi cherehani,
msikiti likauachia ngazi moja kavu,
kisha likarudi nyuma kidogo, kama mgeni
anayesogeza kiti lakini haagi.
Nipime lini? Balikowa ana kiwanja chenye hati,
hulipia kodi kila Julai,
na kambale wanazaliana sebuleni mwake.

Lugha.
Kisoga cha kupatana bei, Kikumam cha kugombana,
Kikenye cha mtumbwini, ambako maneno ni machache.
Kiswahili tulikiogopa: kilikuja kimevaa buti,
kikachoma nyavu zetu ufukweni, kikaondoka na sangara wetu.
Siku hizi wauza dagaa wamekifua, wamekianika,
wanawahesabia nacho wanunuzi wa Kongo
noti moja moja, bila kutetemeka.

Chanzo cha mapato: ushuru wa gati.
Na Okiring, mwenye kitabu cha tiketi
na viatu vya mpira vya rangi mbili tofauti.

Idadi ya watu.
Nitalieleza hili, ingawa kisanduku ni chembamba.
Aprili iliyopita, usiku, kisiwa cha mafunjo
kiling'oka huko kilikokuwa
kikajikokota hadi kwetu, kikaziba gati.
Kulipopambazuka tuliona moshi juu yake:
kibanda, kuku saba,
na mwanamke, Asekenye, akikoroga uji
kama mtu aliye kwake. Na alikuwa kwake.

Baraza likaketi kwa dharura.
Yumo mipakani au hayumo?
Diwani Nangobi akapiga meza:
"Kilichoziba gati letu ni chetu!"
Basi Okiring akapita juu ya ubao, akamkatia tiketi,
shilingi mia tano.
"Nalipia nini?"
Okiring akafikiri, maji yakimwingia kiatu cha kijani.
"Unalipia kuwa hapa."
Akalipa. Akaikunja tiketi, akaifunga pembeni mwa kilemba.

Siku kumi na moja.
Alisuka nusu ya vichwa vya darasa la sita.
Alitufundisha kukausha kamongo kwa moshi wa mizizi ya mafunjo,
sisi tuliozaliwa na harufu ya samaki vidoleni.
Alisema choo chetu kimetazama upande mbaya wa upepo,
na kweli kilikuwa hivyo.

Siku ya kumi na mbili upepo ukageuka.
Vijana wakakimbilia kamba, kamba ikakatika,
kisiwa kikajitoa polepole, jogoo akiwika,
na yeye amesimama ukingoni akipunga tiketi:
"Jamani! Nimelipa mpaka Ijumaa!"

Hatukuwa na pa kumrudishia.
Okiring bado ana zile shilingi mia tano
ndani ya bahasha. Kila ukaguzi zinazidi.

Nimeandika: elfu nne mia mbili na kumi na tisa.
Nikafuta.
Nikatafuta kalamu ya wino, nikaandika: na ishirini.

Egunyu amerudi, viatu vina udongo wa kaburi.
Amegonga mhuri bila kusoma,
akauliza kama kuna chai.
Kisanduku cha eneo bado kiko wazi.
Kuna unyevu pale, kwenye pembe ya karatasi,
sijui umepitia wapi.